Neno la Mhariri: Mwepu Ilunga na Insafu ya Washabiki

Toleo hili tumelitoa kwa kumbukumbu za washabiki wa mpira juu ya wachezaji waliowapenda, na wa kwanza tuliyeona anastahiki kutajwa ni marehemu Joseph Mwepu Ilunga, beki wa kulia wa TP Mazembe na wa timu ya taifa ya Zaire, yaani Kongo yetu ya leo, aliyezaliwa mwaka 1949 na kufariki dunia mwezi wa Mei, 2015. Hatukumchagua kwa kuwa aliwashinda wote kwa umahiri, maana Lubumbashi ilimpata pia Pierre Kalala, ambaye bao lake la pekee dhidi ya Ghana mjini Addis Ababa ndilo lililotupa Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 1968, na baadaye ikampata Robert Kidiaba, aliyelinda lango la Mazembe mpaka fainali ya klabu za dunia ya mwaka 2010. Tumemchagua kwa sababu hapana mchezaji wetu aliyehukumiwa na walimwengu kwa ushahidi haba kama yeye.

Ushahidi wenyewe ni wa nukta chache. Tarehe 22 Juni 1974, mjini Gelsenkirchen, Ujerumani ya Magharibi, Brazil ilikuwa ikituongoza kwa mabao, na ikapewa mpira wa adhabu karibu na lango letu. Rivelino amesimama kando ya mpira, wachezaji wetu wamejipanga ukuta. Mara Mwepu akachomoka ukutani, akaupiga mpira ule kwa nguvu mpaka mbali, ilhali haukuwa wake kuupiga. Mwamuzi, Nicolae Rainea wa Romania, akamwonyesha kadi ya manjano. Watu wakacheka, na tangu siku hiyo filamu ya tukio hilo ikawa inarudiwa mwaka baada ya mwaka, kana kwamba ni hoja ya kuthibitisha kuwa Mwafrika aliingia Kombe la Dunia asijue hata kanuni za mchezo.

Lakini insafu hutaka tuulize kwanza mshtakiwa ni nani. Huyu ni mtu wa klabu iliyofika fainali ya ubingwa wa Afrika mara nne mfululizo, kuanzia mwaka 1967 hadi 1970, ikatwaa kombe mara mbili. Na taifa aliloliwakilisha lilikuwa limetawazwa bingwa wa Afrika mjini Cairo miezi mitatu tu kabla, katika mashindano ambayo Ndaye Mulamba alifunga mabao tisa. Siku nne kabla ya kukutana na Brazil, Yugoslavia ilikuwa imetufunga mabao tisa kwa bila. Kwa mujibu wa masimulizi ya Mwepu mwenyewe, wachezaji walikuwa hawajalipwa haki zao, na watu wa Rais Mobutu walikuwa wamewaonya kwamba wakifungwa mabao manne na Brazil hawatarudi kwao. Kanuni, alisema, alizijua barabara. Basi na afikiriwe mtu huyo aliyesimama ukutani, mabao yamekwisha kuingia, na Rivelino anajiandaa kupiga.

Hapa Kolwezi, mzee aliyeifuata Mazembe kwa redio katika kambi za migodi za Musonoi au Luilu, au aliyepanda treni kwenda Lubumbashi kuitazama kwa macho yake, ukimwuliza habari za Mwepu haanzi na Gelsenkirchen. Huchukua vizibo vya chupa, akavipanga mezani, akakuonyesha beki wa kulia alivyokuwa akisimama na wapi winga wa upande wa pili alikuwa akizimwa; na kwa saa nzima hazungumzii lolote ila kazi ya mtu uwanjani.

Wako watakaosema kwamba mapenzi ya mshabiki hutia chumvi, na kwamba uzee huongeza mabao. Ni kweli kwa mtu mmoja mmoja; lakini kumbukumbu za wengi, zikipambanishwa na kusahihishana, huwa ushahidi wa haki, na zaidi ya hayo filamu ya nukta chache nayo hudanganya kwa yale isiyoyaonyesha. Jambo hili sisi watu wa mkoa wa Lualaba tunalijua vema. Walimwengu wamezoea kuuona mji wetu kwa picha ya shimo la kobalti na mchimbaji aliyejaa vumbi, na picha hiyo si ya uongo. Ila anayedhani kuwa ameujua mji kwa picha hiyo peke yake ameghafilika, kama alivyoghafilika yule aliyedhani kuwa amemjua Mwepu kwa teke moja.

Kwa hiyo twawaomba wasomaji wa Manika na Dilala, wa Likasi na wa Lubumbashi, watuandikie kwa Kiswahili chao yale waliyoyaona: mechi gani, uwanja gani, nani alicheza na alicheza vipi, pamoja na habari za timu za kambi za kampuni ya madini ya Gécamines ambazo hazikupata kupigwa filamu kabisa. Vijana wasioona uvivu wakae na babu zao, waandike kwa niaba yao. Aliyekuwa na miaka ishirini mwaka 1974 leo amekwisha kupita sabini. Aulizwe mwaka huu.