Mtoto, chuma cha Karagwe na bati la Kyerwa
Mzazi wa Karagwe au Kyerwa hahitaji nauli ya Dar es Salaam ili mtoto aone historia. Bweranyange ndiko Omukama Rumanyika alikompokea Mwingereza Speke mwaka 1861, na hazina yake ilikuwa na sanamu za ng'ombe za chuma. Kyerwa nako bati limechimbwa tangu enzi za ukoloni. Bati ndilo fundi simu huyeyusha akilehemu.

Ila shimo la zamani si uwanja wa michezo. Kuta huporomoka, na maji ya mvua huficha kina. Mtoto aende na mkubwa na mwenyeji anayepajua, ashikwe mkono, na hadithi isimuliwe mbali na ukingo.