Mafunzo ya Kompyuta na Maji ya Rufiji

Wako walimu wasemao kuwa elimu ya kompyuta haipatikani kwa kukariri vitabu, ila kwa kufanya mradi. Husema, muungwana ni kitendo. Nami nakubali. Mwanafunzi wa mtihani mtupu hujua majina ya mambo. Aliyeunda programu kwa mkono wake hujua mambo yenyewe. Lakini sikubali kuwa kila mradi ni elimu, na sababu yangu naitoa hapa bila kificho.

Aprili 2024 mafuriko yaliingia vijiji vya Rufiji na Kibiti, yakafunika mashamba na kuwatoa watu majumbani mwao. Baadaye nilialikwa na chuo kimoja kusikiliza wanafunzi wa kompyuta wakieleza miradi yao ya kumalizia somo. Mimi si fundi wa mitambo hiyo. Niliitwa kwa ajili ya lugha. Vijana wanne walileta programu ya kuwaonya watu wa delta kwa ujumbe wa simu. Ilipokea kiasi cha mvua iliyonyesha Kibiti, ikapiga hesabu, ikatoa onyo. Watahini wakapiga makofi, na alama zikawa za juu.

Mimi niliyezaliwa kando ya mto ule nilishangaa. Maji ya Rufiji hayatoki Kibiti. Hutoka mbali, katika Kilombero, Ruaha Mkuu na Luwegu, na siku hizi hupita kwanza katika Bwawa la Julius Nyerere. Kibiti yaweza kuwa kavu na mafuriko yakaja. Tena huko chini kwenye mikoko iko bahari. Wakati wa bamvua maji ya mto huzuiwa yasitoke. Wakati wa maji mafu, kiasi kile kile hupata njia. Mvuvi wa Nyamisati ayajua hayo bila kwenda chuoni. Wala maji si adui mtupu: mkulima hungojea yapungue apande mlau katika udongo uliolowa. Huyo hatosheki na neno "kimbieni". Ataka kujua maji yatafika lini na yatakaa siku ngapi.

Nikawauliza vijana, "Mlimwuliza nani?" Wakajibu kwa unyofu kuwa hawakupata kufika huko, muhula ulikuwa mfupi. Na onyo lenyewe liliandikwa kwa Kiingereza.

Siwalaumu vijana. Walitenda waliloagizwa. Nalilaumu somo lililowapa alama kwa programu inayokwenda, lisiwape hata moja kwa kuuliza. Kuuliza si ujinga, lakini katika somo lile kulikuwa ni kupoteza wakati.

Mtu atasema kwamba Rufiji ni mbali na nauli ni ghali. Hoja hiyo naiheshimu, lakini haimwokoi. Ramani Huria, iliyoanza 2015, iliwatoa wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakatembea na wenyeji katika kata zinazofurika za jiji hilo, wakachora nyumba na mifereji kama ilivyo. Kazi ilikuwa karibu nao, nao wakaiendea kwa miguu. Asiyeweza kwenda Rufiji asifanye mradi wa Rufiji. Karibu na chuo pana soko, pana zahanati, pana kituo cha mabasi, na kila mahali pana mtu mwenye shida anayeweza kuulizwa.

Basi nataka mambo mawili. Kwanza, nusu ya alama za mradi zitokane na ushahidi kwamba waliokusudiwa waliulizwa kabla ya kazi kuanza, wakaijaribu kabla haijakwisha. Pili, mradi wa watu wasemao Kiswahili uandikwe na kutetewa kwa Kiswahili, mbele ya mmoja wao akaaye pamoja na watahini, mwenye haki ya kusema, "Hii haitatufaa." Chuo kinachoogopa kusikia neno hilo kisijisifu kuwa chafundisha kwa vitendo.