Baraza la Kijiji ni Deni Lisilolipwa

Mwananchi wa kijijini hahitaji kufundishwa mambo yanayomsumbua. Ayajua vyema kuliko mtaalamu yeyote. Kuna pampu ya kisima iliyoharibika na hakuna anayekubali kwamba ni kazi yake kuitengeneza. Kuna zahanati iliyopakwa rangi na kuwekwa bango lenye jina la mheshimiwa, lakini ndani hakuna muuguzi wala dawa. Kuna daraja dogo lililozolewa na mvua, na watoto sasa wavuka mto kwa kushikana mikono. Kuna kiwanja cha soko kinachopungua mwaka hadi mwaka kwa sababu ua la jirani latembea usiku. Kinachokosekana si ujuzi wa shida. Kinachokosekana ni mahali ambapo shida hizi zaweza kujadiliwa na wote, zikaandikwa, na zikajibiwa na mtu ambaye sheria yamlazimu kujibu.

Mahali hapo pana jina katika sheria za Kenya. Paitwa baraza la kijiji. Bunge liliunda chombo hicho mwaka 2012, na katika kaunti nyingi wananchi hawajakiona hadi leo. Twaandika kudai deni hilo.

Yafaa kwanza tukumbuke baraza lilikuwa nini. Kwa miaka mingi neno hilo lilimaanisha baraza la chifu. Watu waliitwa, maduka yakafungwa, wakaketi juani kusikiliza maagizo yaliyotoka kwa mkuu wa wilaya, naye akiwa ameyapokea kutoka juu. Chifu hakuchaguliwa na hao waliomsikiliza. Aliandikwa kazi na serikali, na Sheria ya Mamlaka ya Machifu, iliyorithiwa kutoka kwa ukoloni, ilimpa nguvu za kuwaamuru watu wafanye kazi, za kuwazuia wasikusanyike, na za kuingilia karibu kila jambo la maisha yao. Barazani hapo ndipo kadi za chama kimoja zilipouzwa kwa watu ambao hawakuwa na hiari ya kuzikataa, na michango ya harambee ikatozwa kama kodi. Maswali yaliruhusiwa mwishoni, muda ukibaki, na kwa kawaida muda haukubaki. Aliyeuliza swali gumu aliandikwa jina.

Mwaka 1988 utaratibu huo ulifika kilele chake. Wapiga kura walipangwa foleni nyuma ya wagombea wao, mchana peupe, mbele ya chifu na vijana wa chama. Mgombea aliyetangazwa kupata zaidi ya asilimia 70 ya mlolongo alihesabiwa kuwa ameshinda bila kura ya siri kupigwa. Makanisa yalikuwa yameupinga utaratibu huo tangu ulipopendekezwa mwaka 1986, na viongozi wake wakatukanwa hadharani kwa kusema hivyo. Walioishi siku zile wajua kwa nini mapambano ya kurudisha vyama vingi hayakuwa tu juu ya kifungu cha 2A, kilichofutwa Desemba 1991. Yalikuwa pia juu ya mwananchi kuweza kusimama mbele ya jirani zake, akasema analofikiri, na kisha akarudi nyumbani akalala. Ndiyo sababu mageuzi ya mwaka 1997, ambayo wengi wayakumbuka kwa habari za uchaguzi mkuu peke yake, yaligusa pia sheria ya machifu na sheria ya mikutano. Tangu wakati huo anayetaka kuitisha mkutano wa hadhara hutoa taarifa kwa polisi. Haombi tena leseni.

Lakini kumwondoa mtu aliyetunyamazisha hakutupi sisi wenyewe mahali pa kusemea. Katiba ya mwaka 2010 ilijaribu kuliziba pengo hilo. Ilileta ugatuzi, ikaunda kaunti 47, ikasema kwamba serikali ya kaunti haina budi kuzigatua zaidi kazi zake kadiri inavyowezekana, ili mamlaka yasiishie tu kwenye makao makuu ya kaunti kama yalivyokuwa yakiishia Nairobi. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 ikafuata. Kifungu cha 53 chasema kwamba kila kijiji kilichotengwa na bunge la kaunti kitakuwa na baraza lake, likiongozwa na msimamizi wa kijiji, pamoja na wazee wasiopungua watatu wala kuzidi watano, kwa kuzingatia usawa wa jinsia. Mzee huyo lazima awe amekaa kijijini humo, au awe amemiliki mali humo, kwa miaka mitano au zaidi. Kazi ya baraza ni kuwashirikisha wanakijiji katika utawala, kufuatilia jinsi mipango inavyotekelezwa, na kumshauri msimamizi wa wadi na wa kaunti ndogo juu ya mambo ya kijiji.

Sheria hiyo yasomeka vizuri. Mwulize sasa jirani yako ataje wazee wa baraza la kijiji chake. Pengine atakutajia wazee wanaomsaidia chifu, wale waliofanya kazi kwa miaka mingi bila mshahara, wakipatanisha wagomvi na kushuhudia mipaka. Twawaheshimu. Lakini hao ni mkono wa serikali ya kitaifa. Si baraza lililotajwa katika kifungu cha 53, na mabango mapya au posho mpya hazitawageuza kuwa hilo.

Hoja inayotolewa mara kwa mara kwa kutoyaunda mabaraza haya ni gharama. Twaambiwa kwamba kaunti tayari zashindwa kulipa mishahara na wakandarasi kwa wakati, na kwamba kuongeza maelfu ya wasimamizi wa vijiji ni kuongeza matumbo ya kulishwa. Hatuidharau hoja hii. Tumeona vyeo vikigawanywa kwa jamaa na marafiki wa wakubwa mpaka ofisi ikawa na makarani watatu na kiti kimoja. Hata hivyo, sheria haikutaja mshahara kwa mzee wa baraza. Ilitaja posho, nayo ipangwe na bunge la kaunti. Kaunti inayopata fedha za safari za mafunzo ng'ambo kwa wakubwa wake haiwezi kutuambia kwamba nauli na kikombe cha chai cha wazee watano ndivyo vitakavyoifilisi.

Kasoro tunayoiona sisi ni nyingine, nayo imo ndani ya sheria yenyewe. Wazee hao hawapigiwi kura. Msimamizi wa kijiji ndiye anayewateua kwa ushindani, kisha bunge la kaunti laidhinisha. Mtu aliyeyaonja mabaraza ya zamani ataona hatari mara moja: mwakilishi wa wadi atapeleka majina ya wapiga debe wake, na baraza litakuwa tawi la kampeni yake. Kwa hiyo hatudai kifungu hicho kitekelezwe kimyakimya ofisini. Twadai kwamba, kabla ya jina lolote kupelekwa, kijiji kiitwe na kiyataje majina hadharani, na msimamizi atakayeyapuuza aeleze sababu zake. Hakuna neno katika sheria linalomkataza kufanya hivyo.

Wala hatusemi jambo ambalo halijajaribiwa. Kaunti ya Makueni ilianza mapema kuwakutanisha wananchi kuanzia kijijini, kisha wawakilishi wao wakapanda ngazi kwa ngazi mpaka wadi, kaunti ndogo, na hatimaye kaunti nzima. Miradi iliyoanza kutajwa chini ya mti ilifuatwa mpaka kwenye bajeti, na kamati za miradi zilizochaguliwa na wananchi zikapewa nguvu ya kuikagua kazi kabla mkandarasi hajalipwa. Si ajabu kwamba gavana wa wakati huo, kati ya mwaka 2013 na 2022, alikuwa Kivutha Kibwana, ambaye mwaka 1997 alikuwa miongoni mwa vinara wa kudai katiba mpya. Makueni haikuwa peponi. Mwaka 2014 na 2015 gavana na bunge lake waligombana mpaka ikapendekezwa kaunti ivunjwe. Lakini wakubwa walipokuwa wakivutana, vijijini kulikuwa tayari na watu waliojua mradi wao umefikia wapi. Kamati ya akina mama na wazee isiyoweka sahihi mpaka saruji ionekane ni kinga ambayo mkaguzi wa Nairobi, anayefika miaka miwili baadaye, hawezi kuitoa.

Sasa twageukia sisi wenyewe, wanaharakati na watu wa kanisa. Baraza zuri haliletwi na sheria pekee. Tumehudhuria mikutano ambapo mwananchi alimlaumu chifu kwa saa nzima kwa sababu zahanati haina dawa, naye chifu akafurahi kulaumiwa, maana alijua zahanati ni kazi ya kaunti na hakuna atakachoulizwa kesho. Maji, masoko, barabara za kaunti, zahanati, shule za chekechea na vyuo vya ufundi vya vijiji ni vya kaunti. Shule ya msingi na kituo cha polisi ni vya serikali ya kitaifa. Kijiji kisichojua mlango wa kubisha kitabisha mpaka vidole vivimbe. Kazi ya kwanza ya yeyote anayejiita mwanaharakati ni kuibandika orodha hiyo kwenye ukuta wa kanisa na wa duka.

Kisha kuna suala la nani anakuja. Mkutano unaoitishwa saa nne asubuhi siku ya soko umekwisha kuwafungia nje akina mama. Mkutano unaofunguliwa na kufungwa na wazee wenye fimbo umewafungia nje vijana, na vijana hao si wale tuliozoea kuwaambia wangoje zamu yao. Mwaka 2024 waliusoma Mswada wa Fedha kifungu kwa kifungu, wakautafsiri kwa lugha za nyumbani, wakajitokeza barabarani. Juni 25 baadhi yao waliuawa kwa risasi, na kesho yake Rais akatangaza kwamba hatautia sahihi mswada huo. Kijana aliyeweza kuusoma mswada ule hashindwi na mpango wa maendeleo wa kaunti. Apewe kalamu awe katibu wa mkutano, na kumbukumbu anazoziandika zisomwe kwa sauti kabla watu hawajatawanyika.

Kwa upande wa makanisa, neno letu ni fupi na pengine halitapendwa. Siku zile kibali cha kukutana kilipokuwa mikononi mwa utawala, kanisa lilikuwa miongoni mwa mahali pachache ambapo watu waliweza kuketi pamoja na kusema kweli. Baadaye mimbari nyingi zilikodishwa kwa wanasiasa wenye bahasha. Mheshimiwa akileta mabati Jumapili, nani atamwuliza Jumatatu habari za kisima? Mchango ule hugeuza haki ya kijiji kuwa hisani ya mtu mmoja, na baraza linalokula hisani halina mdomo. Tulipata moyo Novemba 2024, Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilipoukataa mchango wa Rais. Parokia na makanisa ya mashinani yana nafasi ya kuufuata mfano huo, na pia ya kusoma hesabu zao wenyewe mbele ya waumini. Mweka hazina anayeficha daftari la sadaka hawezi kuongoza maandamano ya kudai daftari la kaunti.

Hatushauri mtu yeyote angoje mpaka kaunti yake itakapoamka. Katiba yampa kila mtu haki ya kukutana na wenzake kwa amani, na Mahakama ya Juu iliamua mwaka 2019 kwamba kuwashirikisha wananchi ni lazima kuwe kwa kweli, si kwa kutimiza desturi tu. Kijiji chaweza kuketi sasa, kikachagua watu wake watano, wanawake kwa wanaume, kikawaita baraza la muda, na kikapeleka kumbukumbu zake kwa msimamizi wa wadi na nakala kwa karani wa bunge la kaunti. Tarehe za kuangaliwa ni hizi: mpango wa maendeleo wa mwaka hufika bungeni kabla ya Septemba 1, waraka wa sera za fedha kabla ya Februari 28, na makadirio ya bajeti kabla ya Aprili 30. Baraza linalokutana Mei kuomba daraja limechelewa mwaka mzima.

Na pale inapotakiwa kujua fedha za kisima zilikwenda wapi, iko Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016. Ombi huandikwa kwa Kiswahili au kwa Kiingereza, na mwombaji halazimiki kueleza sababu ya kutaka kujua. Asiyejua kusoma wala kuandika ana haki ya kusaidiwa na afisa mhusika kulitoa ombi lake. Jibu latakiwa lije katika muda usiozidi siku 21. Lisipokuja, malalamiko hupelekwa kwa Tume ya Haki ya Utawala. Kila kikundi kinachopokea jarida hili kipeleke angalau ombi moja kabla ya mkutano wake ujao, kiandike tarehe kilipolipeleka na jina la aliyelipokea, na kitutumie nakala ya jibu, au ya ukimya.