Kabla hujamwambia fundi "fungua pampu"

Nimekuwa kimya siku kadhaa kwa sababu nilikuwa njiani, Shinyanga, Kahama mpaka Geita, na nimerudi na jambo moja limenikaa rohoni. Halihusu siasa. Wale mnaonituhumu kwamba sijui kuandika kitu kingine, leo mkae mkao wa kula.

Jambo lenyewe ni pikapu.

Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, amenunua Hilux ya zamani yenye injini ya 3L, ile dizeli ya lita 2.8 isiyo na turbo. Anabeba viroba vya mawe kutoka kwenye maduara ya Nyarugusu kupeleka karasha. Mawe yakikosekana anabeba magogo ya matimba, maji, chochote. Fedha ilitoka wapi? Ng'ombe sita wa baba yake, na mkopo wa kikundi ambao mama yake ndiye mdhamini. Naomba mlikumbuke hilo mpaka mwisho.

Nilipomkuta alikuwa na mpango, kauandika kabisa kwenye daftari. Kwanza, kufungua pampu ili dizeli iingie nyingi. Pili, kukata sailensa na kuchomelea bomba pana lililonyooka. Tatu, Mungu akijalia, mwakani turbo ya mtumba. "Kaka, gari linakufa mlimani," akaniambia. "Wenzangu wananipita na mzigo." Kule anayefika karasha wa kwanza ndiye anayepigiwa simu kesho yake, kwa hiyo sikumcheka. Nguvu anayoitaka ni halali yake. Ninachobisha ni mpango ulioanzia mwisho.

Hebu tuelewane kuhusu injini. Dizeli isiyo na turbo inavuta hewa kwa kadiri silinda zake zinavyoweza, basi. Mafuta yanaungua kwa hewa iliyopo. Ukiongeza mafuta kidogo wakati hewa bado inabaki, utapata nguvu. Ukivuka hapo, kinachotoka nyuma ni moshi mweusi, yaani mafuta uliyoyalipia na hayakuungua. Wakati huo huo joto ndani ya silinda linapanda, na mwisho wake ni pistoni kuyeyuka au silinda hedi kupasuka. Tena kumbukeni Shinyanga na Geita ziko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Pampu iliyopangwa vizuri pwani inaweza kuwa tayari imezidisha mafuta ikifika huku, na wewe unataka kuifungua zaidi!

Na sailensa je? Hapa ndipo vijana wengi wanapodanganywa na masikio yao. Gari likinguruma dereva anaamini limepata nguvu. Kwa injini isiyo na turbo, kama bomba halijapondeka wala kuziba masizi, kukata sailensa kunarudisha nguvu kidogo mno. Bomba pana lina maana kubwa pale penye turbo, kwa sababu turbo inazungushwa na moshi, na moshi ukipata njia pana ya kutokea, turbo inafanya kazi vizuri. Bila turbo umenunua kelele.

Tukaenda kwa fundi mmoja mzee pale Kahama. Hakufungua hata boneti kwanza. Aliuliza maswali matatu tu: ea klina ilibadilishwa lini, nozeli zilipimwa lini, na mgandamizo wa silinda ukoje? Mdogo wangu akanitazama mimi, mimi nikatazama viatu vyangu. Ea klina ilipotolewa ilikuwa imejaa vumbi jekundu kama tofali. Miezi yote hiyo injini ilikuwa inapumulia kwenye blanketi, na sisi tulikuwa tunapanga kuishindilia chakula!

Nozeli zikapelekwa Mwanza kwenye benchi la kupimia. Zamani safari hiyo ilikuwa ni kusubiri kivuko pale Kigongo, lakini tangu Juni 2025 daraja la kilomita 3 limefunguliwa na unavuka kwa dakika chache. Nozeli mbili kati ya nne zilikuwa zinadondosha badala ya kupuliza. Zilipotengenezwa na kurudishwa, na ea klina mpya, gari lilipanda kile kilima kwa gia ya tatu. Pampu haikuguswa.

Kwa hiyo kwa yeyote mwenye mpango kama huu, naomba upange hivi. Anza na hewa, nozeli, taimingi na mgandamizo. Kisha breki, klachi, rejeta na springi, maana gari lenye nguvu na breki mbovu ni jeneza lenye magurudumu. Tatu, bomba la moshi: ondoa palipopondeka, ziba panapovuja, sailensa ibaki. Nne, kama bado unaona haitoshi, pampu ipelekwe kwa fundi mwenye benchi, na moshi mweusi ukianza kuonekana arudi nyuma. Turbo iwe ya mwisho, na isifungwe bila kipima joto cha moshi. Hata wenye Land Cruiser za 1HZ, ile injini ngumu ya lita 4.2, wasijidanganye. Mgandamizo wake umezidi 22 kwa 1 kwa sababu ilitengenezwa bila turbo, na ukiisukumia hewa nyingi ovyo utaikuta gereji.

Wenye D-4D nao wasikilize. Zile zinaongozwa na kompyuta na zinasukuma dizeli kwa shinikizo kubwa sana. Uchafu kidogo tu kwenye mafuta unaua injekta. Wengi tunakumbuka enzi za dizeli kuchanganywa na mafuta ya taa, mpaka EWURA ilipoanza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na bajeti ya 2011 ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuchakachua kusilipe tena. Lakini machimboni bado mafuta yanauzwa kwenye madumu, yakiwa na maji na mchanga. Kabla ya kununua programu ya kuongeza nguvu, nunua filta.

Sasa nije kwenye kile kilichoniuma zaidi. Tulikaa jioni karibu na karasha tunakunywa chai. Zikapita pikapu tatu zilizokatwa sailensa. Moshi ukatanda mpaka taa hazionekani. Akina mama wanaochekecha mawe pale chini hata hawakuinua vichwa, wamezoea.

Juni 2012 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, lilitangaza kwamba moshi wa injini za dizeli unasababisha saratani ya mapafu. Na unajua ushahidi mkubwa ulitoka wapi? Kwa wachimbaji wa migodi. Marekani walifuatilia wafanyakazi zaidi ya 12,000 wa migodi 8, na walioishi na moshi huo kwa wingi zaidi ndio waliokufa zaidi kwa saratani ya mapafu. Watu wetu wa Nyarugusu wanavuta moshi huo juu ya vumbi la mawe ambalo peke yake linatosha kuharibu mapafu na kufungulia mlango kifua kikuu.

Najua mtaniuliza, mbona malori ya migodi mikubwa huyasemi? Swali zuri. Mgodi wa Geita unafanya kazi tangu 2000 na malori yake ni makubwa kuliko nyumba nyingi za huku, na nayo yapimwe. Lakini hayapiti dirishani kwa mama lishe. Pikapu yako inapita, tena mara kumi kwa siku.

Serikali nayo isikwepe. Shinyanga kuna chuo cha VETA. Kwa nini wilaya za machimbo zisiwe na benchi za kupimia nozeli na kozi fupi za mafundi wa pampu? Fundi asiye na kipimo atafungua skrubu kwa kusikiliza sikio, na mteja atalipa kwa ng'ombe.

Ndiyo, ng'ombe. Pistoni ya pikapu ile ikiyeyuka, kikundi kitagonga mlango wa mama mdogo, na fundi wa bomba hatakuwepo.

Nilipoondoka mdogo wangu alikuwa amekata mistari miwili kwenye daftari. Turbo ameiacha. Nimemwambia sawa, lakini amalize mkopo kwanza.

Nawasilisha.