Sumu juu ya sumu

MLANGUZI wa dawa za kulevya hana haya wala huruma. Akishaamua kuuza sumu moja, haoni taabu kuichanganya na nyingine ili mzigo uongezeke na faida yake inenepe. Hasara yote humwangukia mnunuzi, na mara nyingi huonekana kwenye ngozi na nyama ya mwili wake.

Huko Marekani jambo hili limedhihirika. Mwaka 2009 wakuu wa afya wa nchi hiyo walitoa tahadhari kwamba kokeini ya mitaani ilikuwa imechanganywa na levamisoli, dawa ya minyoo ambayo wafugaji wa hapa nchini wanaifahamu vyema. Baadhi ya watumiaji walipungukiwa chembe nyeupe za damu zinazoulinda mwili. Wengine walitokwa na mabaka ya zambarau masikioni na mashavuni, kisha ngozi ikafa.

Baadaye ikaja zailazini, dawa ya kuwatuliza ng'ombe na farasi, ambayo Marekani haijapata kuiidhinisha kwa matumizi ya binadamu. Katika mji wa Philadelphia walanguzi waliichanganya na fentanili. Watumiaji wakapatwa na vidonda vinavyochimba nyama, hata mahali ambapo sindano haikupita. Wako waliokatwa mikono au miguu. Aprili 2023 Serikali ya Marekani ilitangaza mchanganyiko huo kuwa tishio kwa taifa.

Yapo mafunzo mawili hapa. Kwanza, kijana anayejigamba kwamba anajua kipimo chake anajidanganya, kwa kuwa hajui alichouziwa. Walimu hawana budi kuwaeleza wanafunzi ukweli huu waziwazi, bila vitisho wala chumvi.

Pili, aliyekwisha kuumia ni mgonjwa. Kidonda hakiponi kwa laana. Aibu humfanya mwenyewe akifiche mpaka kioze. Tanzania ilikwisha kuchagua njia ya busara mwaka 2011, ilipoanza kuwatibu waathirika wa heroini kwa methadoni katika Hospitali ya Taifa Muhimbili. Busara hiyo na ifike katika kila zahanati: mgonjwa apokewe, kidonda kisafishwe na kufungwa, naye aelekezwe kwenye tiba.

Watumishi wa mifugo nao wazilinde ghala za dawa walizokabidhiwa, na vyombo vya dola vimwandame mlanguzi bila kuchoka. Ukali wote umwelekee yeye anayechanganya sumu, si yule anayeoza kwayo.