Arafa bandia zahatarisha wenye maduka
Julai 2023, mtandao wa serikali wa eCitizen ulishambuliwa kupitia intaneti, na huduma nyingi zikatatizika. Hata hivyo, kwa wenye maduka katika mtaa wa Tena, Nairobi, tishio lililo karibu zaidi ni arafa bandia ya M-Pesa, huduma iliyoanzishwa 2007. Mlaghai humwonyesha muuzaji ujumbe wa malipo yasiyokuwepo, kisha huondoka na bidhaa. Sheria ya 2018 ya kukabili uhalifu wa mtandaoni humwadhibu akishanaswa, lakini wakati huo hasara imekwisha kutokea.

Kinga haihitaji mitambo ghali. Simu inayopokea malipo na ibaki dukani, hata mwenyewe asipokuwepo, ili muuzaji asitegemee simu ya mteja. Nayo nambari ya siri asiambiwe yeyote anayepiga simu.