Simba 3-0 Eswatini: Kwa nini vijiwe vya Manyoni bado vinabishana?

MATOKEO hayana utata. Nsingizini Hotspurs 0, Simba 3. Tena ugenini, Uwanja wa Somhlolo, Eswatini, Jumapili ya Oktoba 19, 2025. Mechi ya kwanza ya raundi ya pili Ligi ya Mabingwa Afrika, hatua ya mwisho kabla ya makundi.

Lakini ukipita stendi ya Manyoni wiki hii, au ukikaa dakika tano tu kwenye kijiwe cha bodaboda, utakuta ubishi umepamba moto. Na safari hii si Simba na Yanga. Ni Simba wenyewe kwa wenyewe.

Upande mmoja wanasema kazi imeisha. "Kaka, tatu bila ugenini, unataka nini tena? Marudiano tunaenda kupiga picha."

Upande wa pili ni watu wazima kidogo, waliokwisha kuumia. "Dogo, Oktoba 2021 ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa shule."

"Basi kaa chini nikusimulie."

Na hapo ndipo penye hoja ya wiki hii. Tuichambue taratibu.

Ushindi ulikuwa mkubwa kweli?

Jibu fupi: ndiyo. Kumfunga mtu tatu kwao bila kuruhusu bao si jambo dogo, hata kama jina la mpinzani halitishi. Nsingizini hawakuokotwa barabarani. Ni mabingwa wa nchi yao, na kufika hapa waliwatoa Simba Bhora wa Zimbabwe, jambo ambalo watani wetu wamelifanyia vichekesho vya kutosha: wameshaua simba mmoja.

Ila angalia mabao yalivyokuja. Beki Wilson Nangu alifunga kabla ya mapumziko. Baada ya hapo ubao ukakaa 1-0 kwa muda mrefu sana wa kipindi cha pili. Kibu Denis ndiye aliyefunga mawili ya mwisho, mchezo ukiwa unaelekea ukingoni.

Maana yake nini? Simba ilishinda kwa haki, lakini haikuwa mechi ya kumkimbiza mtu dakika 90. Kwa sehemu kubwa ilikuwa mechi ya bao moja. Yule anayesema "tuliwaonea" anasoma matokeo ya mwisho tu. Yule anayesema "tulibahatisha" naye anakosea, kwa sababu timu inayofunga mwishoni ugenini ni timu yenye pumzi na subira.

Kwa hiyo kama swali ni "Simba ilicheza vizuri?", wote wawili mna nusu ya jibu. Swali kubwa zaidi ni hili: uongozi wa mabao matatu una thamani gani ukirudi nao nyumbani?

Oktoba 24, 2021

Kwa wale waliokuwa shule, hadithi yenyewe ni hii.

Oktoba 17, 2021, Simba ilikwenda Botswana kucheza na Jwaneng Galaxy. Hatua ilikuwa kama hii ya sasa, mlango wa mwisho wa kuingia makundi ya Ligi ya Mabingwa. Simba ikashinda 2-0, Taddeo Lwanga na John Bocco wakifunga mapema tu. Nchi nzima ikahesabu imeshafuzu. Simba ilikuwa imetoka robo fainali msimu uliotangulia, na Galaxy wengi hata kulitamka jina lao walikuwa wanajifunza.

Wiki moja baadaye, Kwa Mkapa, Rally Bwalya akafunga kipindi cha kwanza. Timu zikaenda mapumziko Simba ikiongoza 1-0.

Sasa piga hesabu. Mbili za Botswana, moja ya Dar. Jumla 3-0.

Yaani uongozi wa mabao matatu tunaoushangilia leo tuliwahi kuwa nao mkononi, tena nyumbani, zikiwa zimebaki dakika 45 tu. Galaxy walihitaji mabao matatu katika kipindi kimoja. Wakayapata. Rudath Wendell akafunga mawili, Gape Mohutsiwa akamalizia. Mechi ikaisha 3-1, jumla 3-3, Simba ikatolewa kwa bao la ugenini. Siku chache baadaye kocha Didier Gomes akaondoka.

Leo Simba inaongoza kwa mabao hayohayo matatu, ila zimebaki dakika 90, siyo 45. Ndiyo maana watu wazima wa kijiweni hawacheki.

Kwa Mkapa hatoki mtu?

Hapa vijana wana hoja nzito, na lazima isikilizwe. Wanasema kauli ya "Kwa Mkapa hatoki mtu" haikuja kwa bahati mbaya. Ni kweli. Februari 2021 Al Ahly alikufa 1-0 pale, bao la Luis Miquissone. Machi 2023 Horoya wa Guinea alipigwa 7-0. Machi 2, 2024, walewale Jwaneng Galaxy walirudi Dar na kula 6-0. Aprili 2025, Al Masry wa Misri alikuja na faida ya mabao mawili, zikarudishwa zote mbili, akatolewa kwa penalti.

Timu gani hiyo inayofungwa nyumbani?

Lakini angalia mechi hizo kwa makini, utaona kitu. Dhidi ya Horoya, Simba ilikuwa inatafuta tiketi ya robo fainali. Dhidi ya Galaxy 2024, ilikuwa hivyohivyo: ushindi au kurudi nyumbani. Dhidi ya Al Masry, ilikuwa nyuma 2-0. Zote hizo Simba iliingia uwanjani ikiwa na njaa.

Sasa tazama upande wa pili. 2021 na Galaxy, iliingia ikiongoza 2-0. Agosti 2019 na UD Songo wa Msumbiji, ilitoka na sare ya 0-0 ugenini, watu wakaona kazi imebaki ndogo. Nyumbani ikatoka 1-1, ikaaga kwa bao la ugenini. Aliyefunga lile bao la Songo? Luis Miquissone huyohuyo, kabla hajasajiliwa Msimbazi.

Hata mwezi uliopita tumeliona kwa udogo wake. Simba ilishinda 1-0 kwa Gaborone United, ikarudi Dar na kutoka sare 1-1. Ilipita, sawa. Na uwanja ulikuwa mtupu kwa adhabu ya CAF, na Fadlu Davids alikuwa ameondoka kwenda Raja siku chache tu kabla. Sababu zipo. Ila hata hivyo, bao moja zaidi siku ile lingetuondoa mashindanoni.

Kwa hiyo tatizo la Simba nyumbani halijawahi kuwa njaa. Tatizo ni shibe. Mnyama mwenye njaa Kwa Mkapa anamla yeyote. Akishaamini ameshiba, ndipo anaponaswa.

Hesabu za Jumapili

Marudiano ni Jumapili Oktoba 26, Kwa Mkapa. Hesabu ziko hivi:

- Simba ikishinda, ikitoka sare, au ikifungwa kwa tofauti ya bao moja au mawili, inaingia makundi.
- Ikifungwa 3-0, mnaenda penalti.
- Ikifungwa 4-1, jumla inakuwa 4-4, na Nsingizini wanapita kwa mabao mengi ya ugenini.

Ukiisoma hivyo unaona mlima wa Nsingizini ni mrefu. Lakini unaona pia bao moja la mapema la Simba linabadilisha nini: mpinzani anahitaji manne badala ya matatu. Hilo ndilo jibu la kiufundi la ubishi wote. Usikae kulinda tatu. Nenda katafute la nne.

Na jambo jingine ambalo kijiweni halitajwi sana. Mwaka 2021 Simba ilipotolewa, ilidondokea Kombe la Shirikisho, ikafika hadi robo fainali na kutolewa kwa penalti na Orlando Pirates. Kulikuwa na mlango wa pili. Siku hizi mlango huo umefungwa. Ukitolewa hapa, msimu wako wa Afrika umekwisha mwezi Oktoba. Unakosa makundi, na unakosa zile fedha za CAF ambazo timu ya makundi ina uhakika nazo hata ikishika mkia, angalau dola 700,000 za Marekani.

Meneja Dimitar Pantev ana wiki chache tu kazini. Kishawishi cha kupumzisha nusu ya kikosi kipo, kwa sababu ligi inasubiri. Akibadilisha wawili watatu, hakuna atakayelalamika. Akibadilisha saba, ajue anacheza na kumbukumbu ya watu.

Na majirani zetu je?

Manyoni haina Simba peke yake. Yanga ilifungwa 1-0 na Silver Strikers kule Malawi Jumamosi, na Romain Folz akaondolewa. Kwa hiyo mtani anayekuja kijiweni kutoa somo la unyenyekevu anajibiwa haraka: "Wewe uliyeacha kocha Lilongwe, unatuambia nini?" Ila mtani naye ana kidonda cha kufundishia. Juni 2023 Yanga ilishinda 1-0 Algiers kwenye fainali ya Shirikisho na bado ikakosa kombe, kwa sababu wiki moja kabla ilikuwa imefungwa 2-1 na USM Alger hapohapo Kwa Mkapa. Hapo pia kilichoamua kilikuwa mabao waliyoruhusu nyumbani.

Halafu kuna timu ya mkoa wetu, Singida Black Stars. Mwezi Septemba ilishinda 1-0 Kigali dhidi ya Rayon Sports. Ikarudi nyumbani na, badala ya kulinda kile kibao kimoja, ikashinda tena 2-1. Wikiendi hii imetoka sare 1-1 na Flambeau du Centre ugenini Burundi. Haina historia ya Msimbazi wala Jangwani, lakini kwa Rayon ilifanya kilekile ambacho Simba inatakiwa kufanya Jumapili. Mfano tunao hapahapa mkoani, lakini tukikaa kijiweni tunazungumza Dar tu.

Uende au usiende?

Kwa mtu wa Manyoni ubishi huu una bei. Kutoka hapa hadi Dar ni zaidi ya kilomita 500. SGR ya Dodoma imerahisisha tangu 2024: unapanda basi hadi Dodoma, kisha treni. Lakini bado ni nauli ya kwenda na kurudi, kiingilio, chakula, pa kulala, na siku mbili pikipiki imelala. Kijana wa bodaboda anajiuliza: nitoe hela yote hiyo kwa mechi iliyokwisha?

Ndiyo maana anataka jibu. Na jibu la mzee wa kijiweni lilikuwa zuri kuliko la wachambuzi wengi. Alisema kama unakwenda kusherehekea, baki, angalia bandani kwa buku lako. Kama unakwenda kuisukuma timu tangu dakika ya kwanza, panda basi.

Na kama huendi ila unataka kuiweka Simba kwenye mkeka ukiwa umefumba macho kwa sababu "ni uhakika", kumbuka kwamba Oktoba 24, 2021, wakati wa mapumziko, kila mtu alikuwa na uhakika.

Hakuna anayesema Simba itatolewa. Ukiniuliza mimi, nitakwambia itapita, na pengine itapita vizuri. Ubora unaonekana, na tofauti ya timu hizi mbili inaonekana. Lakini wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Simba imesifiwa wiki nzima. Jumapili tutaona tembo lake likoje.

Tazama dakika 20 za kwanza. Ukiona Simba inakimbia kama inadaiwa, washa pikipiki ukaendelee na kazi, mambo yako sawa. Ukiona wanapasiana nyuma na kuangalia saa, kaa hapohapo. Bado hujamaliza.